Kandambili chini ya mto

Mdogo wangu ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti moja, kwamba watoto wake wasitambulike. Kwa hiyo sitataja majina, mtaa wala mahakama, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha. Kiini chake nimekiacha kama kilivyo. Ninataka kueleza namna shauri la malezi ya watoto wawili lilivyosikilizwa hapa Dar es Salaam, na jambo ambalo mimi, mjomba wao, nililielewa nikiwa nimechelewa: kipigo anachopigwa mama si habari ya ndoa peke yake. Ni habari ya mtoto pia, ni ushahidi katika shauri lake, na wasipopatikana watu wa kuufikisha mbele ya hakimu, hakimu ataamua kana kwamba haukuwapo.

Kwa karibu miaka minne mimi ndiye niliyekuwa msuluhishi. Mdogo wangu alikuwa akinipigia simu usiku, nami nakwenda asubuhi, tunakaa sebuleni, shemeji anaomba radhi, mdogo wangu anaangalia chini, chai inaletwa, kisha narudi nyumbani nikijiona nimejenga. Mara ya pili nilimwambia maneno ninayoyajutia hadi leo, kwamba avumilie kwa ajili ya watoto. Nilipokuwa nayasema, binti yake mkubwa, aliyekuwa na miaka sita wakati huo, alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza.

Alipoondoka, aliondoka usiku, kwa bajaji, mkono ukiwa umevimba na watoto wote wawili ubavuni, akaja kwa mama yetu. Asubuhi tulikwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako askari wa kike aliandika maelezo yake bila kumharakisha na akampa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Zipo hospitali, Amana ikiwa mojawapo, zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, askari na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, ili mtu aliyeumizwa asilazimike kuyarudia maelezo yake katika kila dirisha. Nawaambia hasa wale wanaodhani PF3 ni karatasi ya kesi ya jinai tu: tulitunza nakala yake pamoja na maandishi ya daktari, na miezi mitano baadaye ilisomwa katika shauri ambalo halikuwa la jinai hata kidogo.

Wiki mbili baada ya hapo shemeji alituma wazee wawili na ujumbe. Hakutaka ugomvi, walisema. Mtoto wa kiume mwenye miaka minne akae na mama yake kwa sasa, lakini binti ana miaka tisa, na sheria inasema mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba. Hakuna aliyepinga pale sebuleni, kwa sababu sote tulikuwa tukiamini hivyo hivyo. Nimekulia katika jiji hili na kauli hiyo nimeisikia barazani, misibani, hata kwa watu waliosoma kuliko mimi. Imerudiwa mara nyingi mno hadi watu wanaichukulia kuwa ndiyo sheria yenyewe.

Sivyo sheria inavyosema. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaanza na ustawi wa mtoto, na kinauweka juu ya mambo mengine yote. Baada ya hapo mahakama huangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe iwapo amefikia umri wa kutoa maoni yake kwa uhuru, na mila za jamii ambayo wahusika wanatoka. Kisha inawekwa dhana, inayoweza kukanushwa kwa ushahidi, kwamba ni kwa manufaa ya mtoto aliye chini ya miaka saba kukaa na mama yake, huku mahakama ikizingatia pia madhara ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto akitimiza miaka saba anafungasha nguo zake na kuhamia kwa baba. Kinachotokea ni kwamba ile dhana inayompendelea mama haipo tena, na wazazi wote wawili wanasimama sawa mbele ya swali lile lile la awali, yaani wapi mtoto huyu atakuwa salama na kukua vizuri. Kwa hoja hiyo hiyo, baba anayeweza kuthibitisha kwamba mama anamtesa au anamtelekeza mtoto anaweza kupewa hata mtoto wa miaka mitatu, na ni haki iwe hivyo. Mahari, ambayo wazee wale waliitaja mara mbili, haimo katika hesabu hiyo.

Kabla ya hapo, mwaka mmoja nyuma, mdogo wangu alikuwa amekwenda mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sheria inamtaka anayeomba talaka kuanzia huko na kupata hati inayoonyesha kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika mazingira machache, yakiwamo yale yasiyo ya kawaida ambayo yanafanya jambo hilo lisiwezekane. Mzee mmoja wa baraza aliwaambia kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Nilikuwapo, na nakumbuka nilitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa methali ni tamu na mzee alikuwa na nia njema. Lakini mle ndani hawakuwapo fahali wawili. Alikuwapo mtu mmoja anayepiga na mwingine anayejikinga uso, na methali ile iliwagawia kosa nusu kwa nusu. Katibu naye akaandika kwenye kumbukumbu kwamba tatizo ni kutoelewana kati ya wanandoa. Neno hilo, kutoelewana, nimelifikiria sana tangu wakati ule. Wanaotofautiana kuhusu matumizi ya mshahara hawaelewani. Anayevunjwa kidole kwa sababu wali umeungua yuko katika hali nyingine kabisa. Sheria hiyo hiyo ya Ndoa, katika kifungu cha 66, ilitamka tangu mwaka 1971 kwamba hata kama kuna mila inayosema kinyume, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Zaidi ya nusu karne baadaye, bado tunaandika kutoelewana.

Aliyetutoa hapo ni mama mmoja msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huwahudumia bure watu wasioweza kumlipa wakili. Jambo la kwanza alilotueleza lilituondolea mzigo: si lazima kusubiri talaka ndipo uombe malezi ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 37, inamruhusu mzazi, mlezi au hata ndugu anayemtunza mtoto kuomba malezi mahakamani, ndoa ikiwa bado ipo, ikiwa imevunjika, au hata kama haikuwapo kamwe. Maombi hayo huenda Mahakama ya Watoto, ambayo watu wengi wanadhani ni ya watoto waliofanya makosa tu, kumbe husikiliza pia maombi ya malezi, matunzo na ulinzi wa mtoto. Wakazi wa jiji hili wengi wanaifahamu ile ya Kisutu. Na tangu mwaka 2021 kuna pia Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichoanzishwa mahsusi kwa mashauri ya ndoa, mirathi na watoto. Nimeyataja maeneo hayo kwa faida ya msomaji anayetafuta pa kuanzia, si kwa sababu shauri letu lilisikilizwa katika moja ya hayo.

Tulikuwa tumekwenda kwake na rasimu yetu, kurasa tatu za mwandiko wangu. Nilikuwa nimeeleza ada za shule, idadi ya vyumba kwa mama yetu, mapato ya mdogo wangu kwenye biashara yake ya vitenge, na umbali wa kutoka nyumbani hadi shuleni. Kuhusu mengine niliandika sentensi moja tu, kwamba kumekuwa na migogoro ndani ya nyumba. Yule mama alisoma hadi mwisho, akavua miwani, akamwuliza mdogo wangu:

“Mwanangu, ulipokuwa unapigwa, watoto walikuwa wapi?”

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo: si mimi, si wale wa baraza, wala wazee waliotumwa. Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kueleza, na rasimu yangu haikutumika tena.

Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinaorodhesha mambo ya kuzingatiwa katika kuamua malezi: maslahi ya mtoto na umuhimu wa kuwa na mama yake, umri na jinsia yake, maoni yake iwapo ameyatoa kwa hiari, ubora wa kuwaweka ndugu pamoja, na haja ya malezi yasiyokatizwa. Limo pia jambo ambalo watu hulipita haraka, kwamba ni vyema mtoto kukaa na wazazi wake isipokuwa pale haki zake zinapovunjwa mara kwa mara. Katika neno hilo, isipokuwa, ndimo hoja yetu yote ilimokaa. Mtoto anayelala kila usiku akisikiliza kama mlango utafunguliwa kwa upole au kwa kishindo, haki yake ya kuwa salama inavunjwa, hata kama hajaguswa hata kidogo.

Mahakama iliagiza afisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi na kuleta taarifa. Alikuja kwa mama bila kutoa ahadi ya siku, akaenda kwa shemeji vilevile, akaenda shuleni, na akazungumza na majirani wa pande zote mbili. Nilikuwa nikidhani maafisa hao huja kuhesabu vitanda na kuangalia kama kuna choo. Huyu alikaa sakafuni na binti, wakachora, na katika mazungumzo yao akamwuliza kwa nini kandambili zake ziko chini ya mto na si mlangoni pamoja na za wengine. Mtoto alijibu kama anayeeleza jambo la kawaida kabisa. Kule nyumbani, alisema, ilimlazimu kuwa nazo karibu, kwa sababu inapoanza anamshika mdogo wake mkono na kukimbilia kwa mama jirani, na uani kuna vipande vya chupa, na mdogo wake hapendi kubebwa. Kwa bibi hakukuwa na chupa wala haja ya kukimbia. Lakini usingizi haukumjia mpaka azihisi chini ya mto.

Mama yangu alikuwa ameziona kandambili hizo kila asubuhi kwa miezi mitatu, na kila asubuhi alizirudisha mlangoni akidhani ni utoto.

Siku ya kusikilizwa hakukuwa na umati, kwani mashauri ya watoto husikilizwa faragha. Yote yalikuwa kwa Kiswahili, na hilo nalo si dogo, maana mdogo wangu aliweza kufuata kila neno lililosemwa juu ya maisha yake. Jirani yule wa usiku alikuja akiwa amefunga khanga yake vizuri, akataja mara alizowafungulia watoto mlango: tano, na mbili kati ya hizo ilikuwa baada ya saa sita usiku. Sheria ya Mtoto inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto wajibu wa kuziwasilisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na ipo namba 116 inayopigwa bure kwa ajili hiyo hiyo. Mama huyu hakujua lolote kati ya hayo, lakini alifungua mlango mara tano na akakubali kuja kusema.

Kisha shemeji akasimama. Alisema kwamba hajawahi kumpiga mtoto wake hata kibao, kwamba ndiye anayewanunulia viatu vya shule, na kwamba binti yake akiumwa yeye ndiye hulala naye hospitalini. Naamini alisema kweli. Nimemwona akimbeba binti huyo mgongoni kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani mvua ikinyesha. Ugumu wa mashauri haya uko hapo, na ndiyo maana nimeona niandike: mtu anaweza kuwa na mapenzi ya kweli kwa mtoto wake na wakati huo huo akawa ndiye sababu ya kandambili kuwekwa chini ya mto. Kama hakimu angeuliza tu nani anampenda mtoto, wote wawili wangeshinda. Kama angeuliza nani ana kipato kikubwa, shemeji angeshinda. Aliuliza ni nyumba ipi mtoto analala bila hofu, na alizungumza na binti mwenyewe ofisini, afisa ustawi akiwapo na sisi sote tukiwa nje.

Uamuzi uliwaweka watoto wote wawili kwa mama yao, pamoja, bila kuwatenganisha kwa kigezo cha miaka saba. Baba aliagizwa kutoa matunzo kila mwezi na kuendelea kulipa ada. Kilichonigusa zaidi ni sehemu ya sababu, ambamo hakimu alieleza kwamba ukatili alioushuhudia mtoto ni madhara aliyoyapata mtoto mwenyewe, hivyo hauwezi kuachwa pembeni kama jambo la wanandoa. Zile kandambili zilitajwa. Neno kutoelewana lilitajwa pia, na hakimu akaandika kwamba halikuakisi ushahidi uliokuwa mbele yake.

Kuhusu kuonana, binafsi nilitaka baba asiwaone kabisa, na nilikasirika hakimu alipoamua tofauti. Hasira hiyo imetulia. Sheria ya Mtoto, inapozungumzia wazazi waliotengana, inaiweka haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine mikononi mwa mtoto. Ni yeye anayependa kwenda, ilimradi masomo yake yasiharibike. Mtoto wa kiume alikuwa akimlilia baba yake kila jioni. Basi iliamuliwa waonane Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, nyumbani kwa bibi yao mzaa baba, bila kulala huko, na makabidhiano yafanyike kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ili wazazi wasikutane mlangoni kwa mtu. Bibi huyo ni mwanamke wa haki. Alimwambia mwanawe mbele yangu kwamba siku atakayoinua sauti nyumbani kwake ndiyo itakuwa siku ya mwisho ya ziara hizo.

Najua kuna wanaotunga madai ya kipigo ili kupata watoto, na jambo hilo ni dhuluma kwa mtoto na kwa yule anayesingiziwa. Dawa yake ni kuuliza kwa makini na kudai ushahidi, kama tulivyodaiwa sisi: fomu, daktari, jirani, mwalimu, taarifa ya ustawi. Kuyafumbia macho madai yote ili kukwepa ya uongo kunawaacha wenye ya kweli bila pa kusemea.

Liko pengo moja ambalo mahakama peke yake haiwezi kuliziba. Tanzania Bara haina sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani. Sheria ya Ndoa inaiwezesha mahakama kumwamuru mtu aache kumfuatafuata na kumbughudhi mwenzi wake, lakini amri hiyo imefungwa kwenye shauri la ndoa, likiwa linaendelea au baada ya kutengana na talaka. Mwanamke ambaye hajafungua shauri la ndoa hana mlango huo. Mdogo wangu alikaa miezi mitano akisubiri uamuzi wa watoto bila karatasi yoyote inayomwambia mumewe asisogee kwenye nyumba ya mama yetu, na katika miezi hiyo ulinzi wetu ulikuwa kufuli na vijana wa jirani.

Amri za malezi hazidumu milele. Mahakama inaweza kuzibadilisha hali ikibadilika. Shemeji ameomba watoto waruhusiwe kulala kwake katika likizo ya Desemba, akieleza kwamba amehama nyumba ile na anahudhuria ushauri nasaha kwa mchungaji wake. Binti amesema anataka kwenda mchana na kurudi. Mdogo wake anataka kulala. Afisa ustawi atapeleka taarifa ya pili mwezi ujao, na safari hii nimeitwa kuwa shahidi. Nimekaa na daftari nikaandika kila tarehe ninayoikumbuka katika miaka ile minne, nani alinipigia, niliona nini, na nilisema nini, pamoja na ile asubuhi niliyomwambia avumilie, na mtoto aliyekuwa amesimama mlangoni.